Vyumba Kumi na Saba

Katuba, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Solange,

Sikuulizi habari za afya, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukila mikate miwili na kumnyang'anya mama yako wa tatu. Sasa mmekwenda sokoni kutafuta sanduku lenye kufuli inayofunga, na nyumba ni tupu. Nimesogeza pasi na rundo la nguo zako, nimejipatia nafasi kwenye kona ya meza, na ninaandika haraka haraka kwa sababu nikipewa muda mwingi nitakosa ujasiri.

Chandarua, maji ya kuchemsha, namba ya simu ya paroko wa Sakania: hayo mama yako ameyamaliza, wala sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimeishi nalo miaka kumi. Kesho unakwenda huko Sakania kufundisha watoto wa watu kutumia kompyuta, na siwezi kukuacha upande lori la Papa Muhindo kabla hujalijua.

Linahusu kabiye.

Najua ukifika hapo utasimama kidogo. Neno hilo hatulitaji tena humu ndani, na ni wewe uliyelitunga, ukiwa na miaka kumi na mmoja, kwa ajili ya ule mchezo wa gololi kwenye kompyuta ya Hervé. Acha nianzie mbali, nawe univumilie.

Mwaka ule bei ya shaba ilianguka, na kiwanda nilichokuwa nikipima asidi kikafunga. Hakikufunga kwa siku moja. Kwanza king'ora cha asubuhi kilinyamaza, kisha magari ya wakubwa yakawa hayarudi, kisha tukakuta karatasi kwenye lango. Unakumbuka mtaa wetu ulivyokuwa? Wanaume walikaa mbele ya nyumba zao wamevaa ovaroli zilezile za kazi, kwa sababu hawakujua wavae nini siku isiyo ya kazi. Baba wa jirani yetu alikwenda Kolwezi kuchimba kwa mikono, na hakurudi. Mimi niliuza makala, mkaa wa kupikia, kwa baiskeli wiki saba, mpaka mgongo ukagoma. Nilikuwa mtu wa maabara, mwanangu, mtu wa matone. Sikujua kubeba.

Hervé, yule enjenia kijana wa maabara, ndiye aliyenipa kompyuta. Ilikuwa yake mwenyewe, nzito, na yeye alikuwa anarudi kwa wazazi wake Likasi juu ya gari la viazi. Aliifunga kwenye baiskeli yangu kwa mipira ya matairi na kuniambia kwamba kila kilichomo ndani yake ni cha bure, hata michezo, na hakuna atakayekuja kuniuliza. Sikumwelewa. Nilidhani anasema kwamba hakuiiba.

Niliiweka pale pembeni, chini ya picha ya babu yako aliyekuwa mtu wa reli. Siku ya pili wewe ulikwishapata ule mchezo. Kigololi cheusi, sakafu iliyotazamwa kutoka juu, kuta, milango, maji, mashimo. Unasogeza kipanya na gololi inafuata, lakini haifuati kama mbwa, inafuata kama gololi: ukiisukuma kwa nguvu inateleza, na ukitaka kuizuia imekwishaanguka. Katika kila chumba kuna mawe yaliyofunikwa, na ni lazima uyagonge uyapate yale yanayofanana, mawili mawili, mpaka yaishe. Huo ndio mchezo wote. Nilikuona umekaa hapo saa nzima, ukiinamisha kichwa upande ule gololi inakokwenda, nikakufokea kwamba tumekosa chumvi na wewe unacheza.

Siku zile nilifoka sana. Nilimfokea mama yako kwa sababu ya ugali wetu wa bukari kuwa laini, kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nafikiri mtu asiye na kazi hana haki ya kukaa kimya.

Wewe siku ile uliacha kipanya. Ulisogea kwenye kiti ukaniachia nafasi. Nikakaa. Gololi yangu ikaanguka mara moja, ikaanguka tena, na mara ya tatu nikawa nimeshika kipanya kama mtu anayekaba kuku. Ukaniwekea kidole juu ya mkono.

"Papa, unakazaka sana," ukasema. "Shika pole, kama mutoto wa kuku."

Nataka nikwambie kitu ambacho huenda hukijui. Miezi iliyofuata tulikula mara moja kwa siku, nayo ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi kama baba. Kabla ya hapo nilikuwa natoka ukiwa umelala na kurudi nikiwa nimechoka. Nilijua darasa lako na namba ya viatu vyako. Sikujua kwamba ukifikiri unauma kola ya gauni. Sikujua kwamba ukishindwa hulii, unacheka kidogo kwa pua, kisha unaanza upya.

Na ni wewe uliyeelewa alichosema Hervé. Ulifungua folda moja baada ya nyingine mpaka ukakuta kwamba kila chumba cha mchezo ni karatasi ya maandishi tu: alama hii ni ukuta, alama hii ni shimo, nukta ni sakafu. Pembeni palikuwa na maelezo kwa Kifaransa, ukaniletea nikusomee. Yalisema kwamba mchezo huu umetengenezwa na watu wengi wasiojuana, na kwamba yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha, kuongeza chake na kuwagawia wengine. Uliniuliza kama "yeyote" ni pamoja na watoto. Nikasoma tena mstari ule, nikakwambia hawakuandika kwamba watoto hawamo.

Ukaanza kujenga. Kwanza ulichora kwenye daftari la hesabu, mraba kwa mraba, kisha ukaandika kwenye mashine, kisha ukaniita nijaribu. Mimi nilikuwa mjaribu wako. Kama ningepita kwa urahisi uliongeza shimo. Kama ningeshindwa kabisa ulinitazama usoni, halafu ukaondoa moja. Vilifika vyumba kumi na saba. Mtaa wetu wote ulikuwemo, ila mtu mwingine asingeutambua.

Cha tisa ndicho ulichokiita Uwanja wa Katuba, na ulikuwa na uhakika nacho kiasi cha kutaka kuwatumia wenye mchezo. Tulipanda basi mpaka mjini, tukaingia kwenye chumba kimoja cha intaneti nyuma ya posta. Wewe hukuwa na anwani, tukatumia yangu. Uliandika Kifaransa chako mwenyewe, ukakataa nisahihishe. Uliandika: naitwa Solange, naishi Lubumbashi, hiki ni chumba changu, mkiona kosa mniambie. Tukasubiri jibu wiki mbili, tatu. Kisha hatukuwa na nauli ya kwenda kutazama tena, na tukaacha kulizungumzia.

Sasa nafika kwenye penyewe.

Papa Muhindo, ambaye leo unamwita mjomba, wakati ule sikumjua. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo, mwenye malori matatu, na alihitaji mtu wa kuchapa hati za mizigo ya mpakani. Aliambiwa kuna mtu Katuba mwenye kompyuta na mkono safi. Alinipokea vizuri. Alisema tu kwamba mashine yangu ina programu ambazo ofisi za mpakani hazizisomi, kwa hiyo fundi wake ataisafisha na kuweka zile za kawaida. Niliipeleka dukani kwake siku ya Jumatano wewe ukiwa shuleni.

Fundi alikaa, akaweka vidole kwenye kibodi, akaniuliza: "Papa, hamuna kitu ya kuchunga humu, mbele nifute yote?"

Alikuwa ananiuliza kwa adabu. Papa Muhindo alikuwa amesimama nyuma yangu, anasubiri. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nimevaa shati la kuazima. Nilijua kuna nini mle ndani. Nilikijua chumba kwa chumba. Ingetosha kusema, kuna kazi ya mwanangu, nipe nusu saa. Lakini niliona aibu kwamba bosi mpya atajua mtu mzima kama mimi alishindaje miezi ile, nikaogopa asije akaona kwamba mimi si mtu wa kazi. Nikasema, "Hapana. Ni michezo ya batoto tu."

Haikuchukua muda. Kufuta ni kwepesi mno.

Nilirudi nyumbani na kazi, mashine nimeiacha dukani. Mama yako alifurahi mpaka akakaa chini. Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye kona, na mashine haikuwepo, nami nikakwambia umeme ulirukaruka asubuhi ukaiunguza kumbukumbu yote, na kwamba fundi amejaribu ameshindwa. Sikuwa nimeupanga uongo huo. Ulitoka wenyewe, ukiwa umekamilika.

Ulisimama pale. Ukauma kola. Kisha ukasema: "Papa, unisamehe. Ni miye niliiacha inawaka wakati nilienda masomo."

Na mimi, Solange, nikakusamehe. Nilikuwekea mkono kichwani, nikasema si kitu, mama, kila mtu anasahau. Nilisikia sauti yangu ikiwa nzuri na laini, sauti ya baba mwema.

Mengine niliyoyakosea maishani naweza kuyataja bila kutetemeka. Hilo siwezi.

Tangu siku ile hukuomba tena mashine. Tangu siku ile pia, wingu likijikusanya tu, unakimbia nyumba nzima kuchomoa nyaya. Umeme ukicheza kidogo, uko ukutani kabla ya mtu yeyote. Tunakucheka. Juzi ulizima friji mara mbili na mama yako akasema Sakania wataajiri mwalimu wa kompyuta anayeogopa soketi. Ulicheka na wewe. Mimi nilitoka nje.

Mama yako alijua baada ya mwezi mmoja, kwa sababu fundi yule alipita hapa na kunisalimia na akasema mashine yangu bado ni nzima kabisa. Hakupiga kelele. Alisubiri fundi aondoke, akaniambia: "Sitamuambia mutoto, ju haiko mudomo yangu njo ilisema. Lakini usiniombe nikusaidie kumudanganya." Na hajanisaidia. Kila tunapokucheka kuhusu nyaya, yeye huinamisha macho kwenye cherehani. Usimkasirikie. Aliningoja mimi.

Bado kuna la pili, nalo ni dogo kwa kimo lakini ni bovu zaidi. Siku moja, nikiwa nimezoea kazi, nilifungua barua pepe yangu pale ofisini. Kulikuwa na jibu. Lilikuwa limelala humo miezi mitano. Mtu wa mbali, mmoja wa wale wenye mchezo, alikuandikia kwa Kifaransa cha kujikokota kama chako. Alisema amekicheza Uwanja wa Katuba na kuanguka mara nyingi. Alisema kona ya juu kushoto ina mlango usiofunguka ukikosea mpangilio, na kwamba ameurekebisha kwa nukta moja, kama unakubali. Alisema amekiweka ndani ya mchezo pamoja na jina lako, kitatoka kwa watu wote. Mwishoni aliuliza: je, Solange, una vingine? Tutumie.

Nilisoma neno hilo "vingine" nikafunga ukurasa.

Ungefurahi kiasi gani. Ungeimba mtaa mzima. Lakini ungekwenda moja kwa moja kwenye swali lake, na swali lake lingekuja kwangu. Basi nikakunyima furaha yako ili mimi nibaki na amani, na hata hiyo amani sikuipata. Niliona uongo mmoja haukai peke yake, unataka ulishwe. Nimeulisha miaka kumi na vitu vyako.

Mwezi uliopita, ulipopata barua ya masista wa Sakania ya kukuajiri, nilimwomba kijana wa ofisini anitafutie mchezo ule. Bado upo. Watu wasiojuana bado wanauongezea vitu. Nikatafuta kwenye orodha ndefu, nikakikuta: Uwanja wa Katuba, na chini yake, Solange, Lubumbashi. Nilikicheza wakati wa mapumziko, mlango nimeufunga. Ile kona ya juu kushoto inafunguka sasa. Nimekuwekea mchezo kwenye flashi pamoja na barua ya yule mtu. Viko ndani ya bahasha hii.

Sikushauri jinsi ya kufundisha. Umesoma, mimi sikusomea hilo. Ila najua siku moja mtoto atakuletea kitu alichokitengeneza, mbele ya mkubwa fulani, siku ambayo wewe mwenyewe unaogopa kuonekana mdogo. Ningependa siku hiyo umwulize ni nini, hata kama mkubwa anasubiri. Ukishindwa, basi umwambie ukweli jioni ileile. Jioni ya kwanza bado inawezekana. Mimi niliona jinsi jioni ya pili ilivyokuwa ngumu kuliko ya kwanza, na ya mia moja ikawa karibu haiwezekani.

Nilikuwa nimefikiri niisukumie barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umefika. Nimebadili nia sasa hivi. Ungeisoma peke yako kwenye chumba cha kupanga, na mimi ningekuwa mbali, salama. Nitakupa mkononi mkirudi sokoni, nami nitakaa palepale.

Baba yako.

Saa kumi na mbili jioni

Ninaongeza mistari hii kwa sababu umenirudishia barua na kuniambia nimalize yaliyotokea, ili isibaki nusu.

Uliisoma ukiwa umekaa juu ya sanduku jipya. Ulirudi nyuma kurasa mbili, ukasoma tena. Mama yako alikwenda kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, nje bila kuitwa. Uliitoa flashi ukaitazama pande zote mbili, ukaiweka mfukoni. Nilianza kusema kitu, ukainua mkono. Kisha ukatoka. Nilikuona kwenye lango, umenipa mgongo, muda mrefu.

Uliporudi uso wako ulikuwa umelowa lakini sauti ilikuwa kavu. Ukasema: "Papa, haiko mashine njo inaniuma. Hata kazi, tulikuwa na njaa, ningekuelewa. Ni ile samahani. Niliomba samahani ya kitu sikufanya, na weye ukapokea. Unirudishie."

Sikujua samahani inarudishwaje. Nilisimama, kwa sababu haikufaa kukaa. Nikasema: mwanangu, si wewe, haikuwa wewe, hukuacha kitu chochote kinawaka. Ni mimi. Nisamehe. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho ukiwa umesimama pia, hukusema ndiyo wala hapana. Ulisema utafikiri. Ni haki yako, na kama itachukua miaka, nitaingoja.

Ukaenda kumsaidia mama yako kupika sombe, majani ya muhogo. Nilisikia mnaongea kwa sauti ya chini. Baadaye ulikuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Kesho usiniache kwa parkingi," ukaniambia. "Mbele ya lori kuko nafasi ya bantu babili. Upande na weye mpaka Sakania. Nataka unielezee byumba byote, kimoja kimoja, byenye unakumbuka. Nitaandika."

Nimempigia Papa Muhindo simu. Ameniuliza kuna nini Sakania, nikamwambia kuna kazi ya binti yangu ya kuokoa. Hakuelewa, lakini amekubali. Nimetafuta daftari la hesabu, la miraba kama lile lako, nimelipata jipya kwenye duka la jirani. Tutaondoka alfajiri. Nitaanza na cha kwanza, kile cha bomba la maji na foleni ya ndoo, ambapo gololi ilitakiwa kungoja zamu yake.